MAMBO YA NYUMBANI: Tangi Litangulie, Mgeni Afuate

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndivyo walivyosema wahenga. Lakini yupo mgeni ambaye akishaingia nyumbani hapewi jembe kamwe, wala hatoki upesi, kwani akitunzwa vema aweza kuishi miaka 10 hadi 15. Jina lake aksolotli, mnyama wa majini wa nchi ya Meksiko, naye ni katika jamii ya salamanda walio na ujamaa na vyura. Ajabu yake ni kwamba hukua hata akafikia urefu wa sentimeta 25 hivi na kuzaa, ilhali angali na matamvua yake ya utotoni, yaliyochomoza kandokando ya kichwa mithili ya manyoya.

Asili yake ni maji ya baridi ya Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico. Mwaka 1864 wanyama 34 walipelekwa Paris, Ufaransa, na uzao wao ukaenea Ulaya. Leo katika maji ya kwao amekaribia kutoweka kabisa, bali waliozaliwa mikononi mwa wafugaji hupatikana katika nchi nyingi. Watoto wanaomwona pichani humpenda mara moja, wakamsumbua baba awanunulie.

Kosa kubwa la mfugaji mpya ni kununua tangi na mnyama siku moja. Askari hafikishwi kambini kabla ya mahema kusimikwa. Na aksolotli ni vivyo hivyo. Uchafu wake hutoa amonia, sumu inayounguza matamvua na ngozi. Katika tangi lililokomaa, bakteria wema huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 8 wapate kuzaana. Kwa hiyo tangi hujazwa maji, chujio huwashwa, na kila siku hutiwa chembe chache za chakula cha samaki ili zioze na kuwalisha. Maji hupimwa kwa dawa za kupimia. Amonia na nitriti zinapobaki sifuri siku kwa siku, na nitrati ikaonekana, ndipo mgeni aitwe.

Aksolotli mmoja ahitaji tangi la kioo la lita 75 au zaidi, lenye kifuniko, maana huweza kuruka nje. Maji hayo pekee ni kilo 75, basi meza yake iwe imara na sawasawa, mbali na dirisha lenye jua na mbali na jiko. Chini pawe patupu au pawe na mchanga laini sana. Kokoto ni hatari, kwani mnyama huyu hula kwa kufyonza, naye akimeza jiwe laweza kumziba tumbo. Awekewe chungu au bomba la kujifichia, kwa kuwa macho yake hayana kope na hachukui mwanga mkali. Chujio la sponji lamfaa, kwa kuwa halitoi mkondo wa nguvu. Maji ya bomba yenye klorini yatibiwe kwanza kwa dawa yake. Kila wiki robo ya maji hubadilishwa, na sponji husuuzwa katika maji yaliyotolewa tangini, si ya bomba, bakteria wasije wakafa.

Chakula chake bora ni nyungunyungu, wale wa bustani isiyonyunyiziwa dawa. Asichanganywe na samaki, kwani humng'ata matamvua.

Jambo zito kuliko yote ni joto. Maji yatakiwa kuwa nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Yakidumu juu ya 24, mnyama hukataa chakula, huugua, na mwisho hufa. Feni inayopuliza juu ya maji huyapoza kidogo, na mashine ya kupozea hufanya zaidi, lakini vyote hivyo vyategemea umeme usiokatika. Barafu inayotiwa ghafula humdhuru.

Hivyo, kabla ya kutoa ahadi kwa mtoto, mzazi aweke kipimajoto ndani ya ndoo ya maji na kukisoma adhuhuri kwa wiki nzima. Aulize pia ofisi ya serikali inayohusika na wanyama kama kibali chahitajika. Tena afikiri: akihamishwa kituo au akipelekwa kazini mbali, ni nani atakayebadilisha maji? Asije akamwaga mnyama mtoni, kwani huweza kueneza maradhi kwa vyura wa huko. Iwapo ndoo itaonyesha nyuzi 26 na hakuna njia ya kuipoza, basi mtoto na aambiwe ukweli, na picha ibaki ukutani. Chozi la jioni moja hukauka upesi kuliko majuto ya kumzika mnyama aliyepikwa polepole katika maji yake mwenyewe.