Kiatu cha mlima kijaribiwe kwenye mteremko, siyo dukani

Hakuna mchezaji makini anayevaa njumu mpya kwa mara ya kwanza siku ya fainali. Anazivaa mazoezini kwanza, ajue zinabana wapi na zinateleza lini. Lakini kwa Mlima Kilimanjaro, mtu ananunua viatu leo Moshi mjini, kesho yuko geti la Machame.

Siku hizi wengi wanachukua viatu vyepesi, vifupi, vinavyoishia chini ya kifundo. Hatuna ugomvi navyo. Uzito ulio mguuni unachosha mara kadhaa kuliko uzito uleule ukiwa mgongoni. Na wanaoamini kiatu kirefu ndiyo kinga ya kuteguka, wajue kwamba utafiti wa Marekani wa mwaka 1993 kwa wachezaji 622 wa kikapu haukuona tofauti ya maana kati ya viatu virefu na vifupi.

Shida ni namna tunavyovijaribu. Hatua nne kwenye vigae vya duka siyo jaribio. Kutoka kambi ya Barafu, mita 4,673, hadi geti la Mweka ni mteremko wa zaidi ya mita 3,000, na msituni kuna tope na mizizi. Hapo ndipo vidole vinagonga mbele, kisigino kinachubuka na soli laini inakusaliti.

Kwa hiyo kijaribu ukiwa na mzigo mgongoni na soksi utakazopanda nazo. Tafuta njia ya mawe, ikiwezekana imelowa, ushuke kwa saa mbili. Vidole vikigonga au kisigino kikicheza, kirudishe. Na usiku wa kileleni, kwenye baridi ya chini ya sifuri, vaa buti la joto; kiatu chepesi kibaki kwenye begi.

Mtalii akikosea kiatu, ana pesa ya kununua kingine. Mpagazi, anayeruhusiwa kubeba hadi kilo 20, mara nyingi anavaa mtumba aliopata, na akiteguka ndiyo msimu wake umeisha.

Rai yetu kwa kampuni za utalii: kukagua viatu vya wapagazi kwa macho getini haitoshi. Kabla ya msimu wa Juni, wapeni siku moja ya kuvijaribu njiani, wakiwa na mzigo, na siku hiyo ilipwe. Timu haiendi fainali bila mazoezi, bwana.