Tosh Anaumiza, Nabwana Anachekesha

Wasee, kila nikisema Nabwana ni mkali, kuna mtu ananirushia jina la David "Tosh" Gitonga. Sawa, tucheki.

Nairobi Half Life ya Tosh (2012) ni tao yetu kabisa. Mwas anatoka ushago, anaibiwa akifika tu, halafu yeye mwenyewe anajifunza kung'oa vipuri vya magari. Uhalifu unamwingia polepole, ndio maana risasi ikilia unaumia.

Who Killed Captain Alex? ya Nabwana (2010), kutoka Wakaliga, Kampala, ni kinyume. Bunduki ni za vyuma chakavu, helikopta ni ya kompyuta, na VJ Emmie anakupigia kelele juu ya picha. Watu wanakufa mpaka unacheka.

Kwa kuanza, namfuata Nabwana: usingoje mfadhili. Lakini huku Kangemi tumezika mabeshte waliopigwa risasi za kweli. Stori yao siwezi kuifanya kichekesho. Hapo nahitaji subira ya Tosh, hata kama kamera ni simu ya kukopa.

Wewe ungeshuti aje?