Cheti cha Jina Hakilindi Chapa

Wajasiriamali wengi wakishapata cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara, hukitia fremu, wakakitundika dukani na kuamini kwamba jina sasa ni lao. Si lao bado. Cheti hicho kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina lile, basi. Haki ya kumzuia mwingine asilibandike kwenye bidhaa zake hutokana na usajili mwingine kabisa, wa alama ya biashara na huduma, chini ya sheria ya mwaka 1986.

Ubaya wake huonekana biashara ikishachanganya. Mama anasaga unga wa lishe uani kwake Mbagala, jina limezoeleka madukani, mara anaibuka mwenye mashine kubwa na mfuko wa rangi ileile, jina limebadilishwa herufi moja tu. Bila alama iliyosajiliwa, itabidi mama athibitishe mahakamani kwamba wateja walimjua yeye kwanza na sasa wanapotoshwa. Hapo panahitajika wakili, mashahidi na risiti za miaka iliyopita. Mwenzake akiwahi kusajili, huenda mama ndiye akaandikiwa barua ya kutakiwa aache.

Usajili wenyewe una masharti yake. Alama husajiliwa kwa madaraja 45: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Unga uko daraja la 30, mgahawa uko la 43, na kusajili la kwanza si kusajili la pili. Jina la kusifia tu, kama "Unga Bora", lina kila sababu ya kukataliwa, kwa kuwa kila msagaji ana haki ya kuusifu unga wake. Ombi likikubaliwa hutangazwa, na mwenye pingamizi hupewa siku 60. Usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Anayepeleka mzigo Unguja na Pemba aombe na huko pia, maana usajili wa Bara hauna nguvu Zanzibar, yenye sheria na msajili wake.

Kwa hiyo, kabla hujachapisha lebo, ulizia kama jina lina mwenyewe, kisha omba alama mapema. Lakini tusiwatwishe wafanyabiashara lawama yote. Majina ya biashara na alama zote husajiliwa na wakala huyohuyo, BRELA. Elimu ya kwenye banda la maonyesho ya Sabasaba, mara moja kwa mwaka, haitoshi. Anayelipia jina aelezwe palepale, kwa Kiswahili chepesi, kwamba chapa yake bado haijalindwa, aambiwe gharama ya kuilinda, na aulizwe kama anataka kuendelea na ombi la alama siku hiyohiyo. Akikataa, atakuwa amekataa akijua.