Chupa tulizochoma nyuma ya kanisa



Unakumbuka Yesu alipowalisha watu 5,000. Walipokwisha kushiba, aliwatuma wanafunzi wakusanye vipande ili kisipotee kitu, vikajaa vikapu 12. Nimelihubiri andiko hilo miaka mingi, na kila mara nilikazia mikate na samaki. Vikapu nilivipita haraka.

Mwezi uliopita tulikuwa na kongamano la siku 3. Jumapili jioni tulirundika chupa, sahani za karatasi na makombo ya pilau nyuma ya kanisa, tukawasha moto. Kiberiti nilitoa mimi. Asubuhi akaja mama mmoja, mshirika wetu, anayelea watoto kwa kuokota plastiki. Akatazama jivu, akasema, "Pasta, hiyo ilikuwa karo." Sikuwa na jibu.

Serikali siwezi kusema imelala. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na sisi tuliodhani haiwezekani tukarudia kiondo. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapotoka, zinazooza kando na zisizooza kando. Inamwajibisha hata mwenye kiwanda kwa chupa yake baada ya wewe kuinywa. Ni sheria nzuri. Lakini ukitenganisha nyumbani, kisha lori likaja likachanganya zote, utavumilia wiki ngapi? Kaunti zituonyeshe lori lenye sehemu mbili. Na pesa za wenye viwanda zimfikie mama yule mwenye gunia mgongoni, zisiishie kwenye semina za hoteli.

Wafanyabiashara nao wameamka. Nzambi Matee, mhandisi wetu wa hapa Nairobi, kupitia Gjenge Makers huchanganya plastiki na mchanga, akapasha moto na kukandamiza, zikatoka tofali za kutandika njia. Umoja wa Mataifa ulimtuza kwa kazi hiyo. Ndoo kuukuu na chupa za shampuu huingia humo. Chupa ya maji haiingii, ni plastiki ya aina nyingine. Hiyo husagwa kivyake, na huweza kuwa hata nyuzi za nguo. Ukizitupa pamoja na mchuzi juu, kuna mtu atakayeinama kukutenganishia, na bado atalipwa kidogo kwa sababu ni chafu.

Ndugu yangu, uwakili tunaufundisha wakati wa fungu la kumi tu. Nami nimo.

Wazee wamekubali. Kuanzia Jumapili hii kutakuwa na magunia mawili langoni, la chupa na la karatasi. Mwaga maji yaliyobaki kwanza. Makombo tutampa jirani mwenye kuku. Mama yetu atapitia chupa Jumatatu, na hakuna atakayemdai senti.

Ukiniona na kiberiti, ninyang'anye.