Vipande vya kitenge vichambuliwe mapema
Sikubaliani na hoja kwamba mabaki ya kitenge hayamlipi fundi cherehani kwa kuwa kushona pochi ndogo kwa mabaki hayo hula muda. Muda mwingi hauishii kwenye kushona, bali kwenye kusaka vipande vinavyoendana ndani ya gunia lililochanganya kila kitu. Fundi akivitenga palepale anapokata, pamba huku na poliesta kule, kazi kubwa imekwisha. Kuvitambua ni rahisi: uzi wa pamba ukichomwa hunuka kama karatasi na kuacha majivu laini, wa poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kitone kigumu. Tofauti hiyo ni muhimu: kishikio cha sufuria kilichoshonwa kwa mabaki ya poliesta kinaweza kumyeyukia mpishi mkononi, na hilo linanisumbua kuliko suala la faida.

Wapo watakaosema pochi za dukani ni za bei nafuu zaidi. Ni kweli, na kwa bei hatutazishinda. Lakini aliyeshonesha gauni anaweza kupata pochi ya kitambaa kilekile, kitu ambacho duka halina. Tena mwanagenzi anayejifunza kutia zipu, heri aharibu kipande cha shubiri moja kuliko sketi ya mteja.