Viza imeondolewa, lakini safari bado ni nzito

Tarehe 8 Aprili 2022 nchi yetu ilitia sahihi mkataba wa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2023 Kenya ikaondoa viza kwa Wakongomani. Wachuuzi wetu wa Bukavu walifurahi, kwa maana safari fupi ya kununua nguo Nairobi haikudai viza tena.

Lakini pasipoti bado inadaiwa. Tangu mwaka 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa kitambulisho cha taifa tu. Sisi wengi wetu tuna karte ya mchaguzi tu. Mwaka 2020 bei ya pasipoti ilishushwa kutoka dola 185 hadi 99, lakini kwa mama anayeuza samaki sokoni Kadutu, hizo ziliweza kuwa mtaji wake wote. Tena tangu Februari 2025 mji wetu uko mikononi mwa AFC/M23, na njia ya kufikia ofisi za Kinshasa imekuwa ngumu zaidi. Anayekwenda China kununua bidhaa anahitaji pia barua ya mwaliko na viza.

Kwa hiyo mwenye pesa anafika mbali, na mdogo anabaki kuvuka Ruzizi kwenda Kamembe asubuhi na kurudi jioni.

Ugumu huo unaleta majaribu. Wengine wanawaomba wachungaji barua ya kusema wanakwenda semina ya kanisa, kumbe wanakwenda kununua mali. Tunasema wazi: barua hiyo ni uongo, hata ikiwa na muhuri wa kanisa. Siku ubalozi utakapogundua, watakaonyimwa viza ni wale wanaokwenda semina kweli.

Biashara si jambo la kuficha. Lidia wa Thiatira aliuza nguo za zambarau huko Filipi, mbali na kwao, na Bwana akamfungua moyo akiwa mugeni kule (Matendo 16). Basi tuwaandikie waumini wetu barua za kweli zinazotaja biashara yao. Vikundi vya akiba vya wamama viweze kumkopesha mmoja bei ya pasipoti. Na tuwaombe wakubwa, wa upande wowote, wakumbuke kwamba karatasi ya mtu mdogo si silaha ya vita.

Bwana awalinde mnapotoka na mnapoingia.