Tusitenganishwe Mabwenini

Wapo wanaodhani kwamba wanafunzi Waislamu na Wakristo wakilala mabweni tofauti, shule itakuwa na amani. Mimi, nikiwa mwanafunzi wa bweni, sioni hivyo. Katika mwezi wa Ramadhani sisi Wakristo huwaamsha wenzetu wale daku, nao hutulindia masanduku yetu tuendapo ibada ya Jumapili. Hakuna aliyepoteza imani yake kwa hilo.

Mnamo 21 Desemba 2015, magaidi walilishambulia basi karibu na El Wak, Kaunti ya Mandera, wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah, mmoja wao, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Ushujaa kama huo hauzuki ghafla. Huzaliwa na mazoea ya kuishi pamoja.

Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kuabudu, na kinakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Basi walimu wetu watupe sote nafasi ya kusali, lakini wasitutenge. Samaki mkunje angali mbichi.